Tindi Mbele ya Inspekta Nyaberi

Gerezani, Kericho
6 Januari 2025

Kwako Arap Maritim,

Chamgei, omera. Salamu zikufikie wewe, mkeo Chepkemoi, na mama yako, ambaye mguu wake naukumbuka katika maombi. Mimi ni mzima. Baridi ya huku ni ile ile ya kambi yetu ya wafanyakazi wa chai, tofauti ni kwamba blanketi moja tunalala wawili, na mwenzangu ni mtu wa kulivuta upande wake.

Pasta wetu wa kambi ndiye aliyekubali kuwa posta. Huja kuhubiri anapopata nafasi, na akitoka anabeba barua. Zinasomwa getini kwanza, kwa hivyo usiandike kitu usichotaka askari wakijue.

Niseme lililo zito kwanza, halafu tuendelee na starehe. Wanasema Jumamosi ile mashine ya kuchuna chai ilipochomwa, pale shamba la kampuni linapopakana na kijiji chenu, mimi ndiye niliyeleta petroli. Ushahidi wao ni kwamba nilisema mbele ya watu kuwa hizo mashine zitatumaliza, na kwamba mimi ni mtu wa boila kiwandani, kwa hivyo najua mambo ya moto. Kusema nilisema. Nani hakusema? Lakini wewe unajua nilikuwa wapi siku hiyo. Ilikuwa siku yangu ya kupumzika, na nilikuwa shambani kwako tangu umande haujakauka mpaka jua linazama, nikikuchunia majani. Chepkemoi alikuwa amempeleka mama hospitali kule Kaplong. Magunia uliyapeleka wewe mwenyewe kituo cha kununulia majani, yakapimwa kwa namba yako ya mkulima kama tunavyofanya siku zote. Leo karani akifungua rekodi anaona namba yako tu, jina langu haliko mahali popote.

Mpelelezi aliniambia alikuja kwako ukasema hukumbuki. Sikukasirika. Mtu akishtukizwa na polisi husahau hata jina la mkewe. Kesi itasikizwa tarehe kumi na moja Machi. Njoo useme, "Alikuwa kwangu," basi. Hakuna mtu mwingine anayeweza kulisema hilo.

Sasa starehe. Miaka yote hii tumegombana pale kituoni tukingoja lori la majani. Inspekta Nyaberi wa vitabu vya Mageto akikutana na Tindi, yule mama dereva wa lori wa vitabu vya Bi Rodah, nani atamshinda mwenzake? Watu wazima tumekalia magunia tumegawanyika kama vyama vya siasa. Unakumbuka karani alisema Tindi angemkanyaga Nyaberi kwa lori na hadithi iishe ukurasa wa pili? Huyo hajui kusoma, anajua kupima tu.

Nimeamua tuiandike sisi wenyewe. Wewe unashika Tindi, mimi nashika Nyaberi. Sheria ni mbili: hakuna kuua mtu wa mwenzako, na kila sura ikatizwe pabaya ili msomaji akose usingizi. Naanza mimi. Ghala limeungua kando ya barabara kuu. Obura, dereva rafiki ya Tindi, ameshikwa. Jioni ya moto alikuwa akila na Tindi hotelini, mahali mbali kabisa na ghala. Inspekta Nyaberi anavaa koti lake la mvua na kwenda kumtafuta Tindi amuulize.

Na unamjua Nyaberi. Shahidi humuuliza mara tatu, hazidi. Katika vitabu vyote vya Mageto, aliyenyamaza mara ya tatu hajawahi kusema tena. Inspekta hufunga vifungo vya koti na faili inaishia hapo. Kwa hivyo mwandike Tindi wako vizuri.

Ni mimi ndugu yako,
Phelix Oketch


Sosiot
17 Januari 2025

Kwa rafiki yangu Oketch,

Barua nimepata. Nilifurahi nikahuzunika, sijui nianze na lipi. Mama anakusalimu. Mguu bado, sasa hata chooni anashikwa mkono. Ng'ombe yule mweusi amezaa dume, yaani hasara. Chepkemoi amekufumia sweta, pasta atakuletea kama getini watakubali.

Ungeniona ungesema nimekonda. Siku hizi hapa kwetu watu hawazungumzi kama zamani. Kituoni mtu anaweka gunia lake chini na kutazama barabara. Vitabu hakuna anayevitaja. Nilisema nitakuja kukuona kabla ya Krismasi, halafu mambo ya mama yakaingia, na majani nayo hayangoji mtu. Utanisamehe.

Ile habari ya Jumamosi nimeisoma. Sitaki kuizungumza kwenye karatasi. Mke wa askari mmoja wa hapo getini ni wa kijiji chetu, tunakaa naye benchi moja kanisani.

Basi nimeandika sura. Usicheke.

"Tindi alikuwa amefika Malaba. Foleni ya malori ilikuwa ndefu, na mzigo wake ulikuwa wa watu wasiopenda maswali. Mara gurudumu la nyuma likapasuka kwa kishindo. Wanaume watatu wakatoka gizani na vyuma. Tindi akavua viatu, kwa maana huwa hapigani na viatu. Wa kwanza alimpokea kwa spana ya gurudumu. Wa pili akageuka kukimbia. Wa tatu akatoa bastola."

Nimekatiza pabaya kama ulivyotaka. Na wewe ukimtaja Nyaberi na mara zake tatu, usisahau Tindi wangu naye ana desturi zake. Sura inayotangulia ya mwisho humkana rafiki yake mbele ya maadui, anasema, "Simjui huyo," nao wanalegea. Sura ya mwisho lori linavunja geti. Bi Rodah hajawahi kutuacha hapo.

Kaa salama.
Kipkurui arap Maritim


Gerezani, Kericho
29 Januari 2025

Maritim ndugu yangu,

Sweta imefika. Nyekundu. Mwambie Chepkemoi sasa mimi ndiye ninayeonekana kutoka Londiani. Asante yake ni kubwa kuliko ninavyoweza kuandika.

Sura yako nimeisomea wenzangu. Usishangae, humu kuna mashabiki. Mmoja, mzee Nyamwange, aliyeshikwa kwa mambo ya mpaka wa shamba, amesoma Mageto wote. Mwingine ni wa Bi Rodah, na hao wawili walikuwa hawasemezani mpaka barua yako ilipokuja. Walipenda spana. Lakini mimi nina lalamiko. Nilimwacha Tindi akisubiri swali, wewe umempeleka Malaba kupigana na wezi. Obura yuko ndani, Maritim. Wezi wa Malaba wanamsaidia nini?

Nimemrudisha.

"Inspekta Nyaberi alimkuta Tindi akinywa chai kwenye kibanda, mkono umefungwa kitambaa. 'Bastola?' aliuliza Inspekta. 'Haikuwa na risasi,' alijibu Tindi. Inspekta akakaa bila kualikwa. 'Jioni ile ghala lilipoungua, Obura alikuwa na wewe?' Tindi akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Inspekta alimngoja mpaka kikombe kikaisha, akauliza mara ya pili, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa. Tindi akasema ana mzigo wa kupeleka. 'Basi tutaonana kortini,' alisema Inspekta. 'Nimebakiwa na swali moja.'"

Sasa acha niseme kama Phelix. Wamemwondoa mke wangu Christabel kambini. Nyumba ni ya mwenye kazi, na mimi kazi sina tena. Amepanga chumba kimoja karibu na soko la Sosiot, watoto wanne na vyombo. Mimi nilizaliwa kambi ile, Maritim. Baba yangu alikufa akiwa na namba ya kampuni. Watu wananiambia nirudi kwetu Nyakach, nami Nyakach nimekwenda kwa mazishi tu.

Mwendesha mashtaka ameniletea neno. Nikikiri mapema hakimu atanihurumia, huenda ikawa miaka minne. Nikikana kisha nishindwe, kuchoma mali kwa makusudi kunaweza kunipa kifungo cha maisha. Wakili sina. Nina wewe. Christabel anasema nisikiri kitu ambacho sikufanya, tungoje tarehe. Mimi pia nataka kungoja, lakini nataka nijue nangoja nini. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Umeniandikia kuhusu ng'ombe, umeniandikia kuhusu Malaba. Sosiot si Ulaya, na hujaja hata mara moja. Sitaki kukuonea, najua kuna jambo. Niambie tu, utakuja tarehe kumi na moja au hutakuja? Jibu lolote nitalibeba. Nisichoweza kubeba ni kutojua.

Nikiwa wako,
Phelix


Sosiot
13 Februari 2025

Oketch,

Mama amezidiwa, kwa hivyo sitaandika marefu.

Kuhusu Christabel, nilipeleka maziwa kwenye chumba chake. Aliyapokea ila hakunikaribisha ndani. Sikumlaumu.

Swali lako nimelisoma mara nyingi. Barua hii itasomwa na wengine kabla yako, na wewe unanijua sijui kusema kwa mkato. Jibu langu liko kwenye sura hii. Isome kama tulivyokuwa tukisoma pale kituoni. Nimejitahidi kuiga Mageto kwa heshima yako, maana korti ni mahali pa Nyaberi.

"Korti ilikuwa imejaa. Mvua ilipiga mabati mpaka hakimu akaomba watu waseme kwa nguvu. Obura alikuwa kwenye benchi la washtakiwa, mikono yake juu ya magoti. Nyuma kabisa walisimama watu wenye mzigo, wale wasiopenda maswali, wakimtazama Tindi kisogoni. Inspekta Nyaberi akamkaribia. Lilikuwa swali la tatu. 'Bi Tindi, jioni ile Obura alikuwa na wewe?' Tindi alimtazama Obura kwa muda mrefu. 'Simjui huyo,' akasema. Inspekta hakuandika kitu. Akafunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja, mpaka cha shingoni. Tindi akachukua ufunguo wa lori mezani, akatoka kwenye mvua."

Ni hapo nimekatiza.

Mungu akuweke.
Kipkurui


Gerezani, Kericho
28 Februari 2025

Arap Maritim,

Jana nimekiri.

Kesi ilikuwa ya kutajwa tu. Nikanyoosha mkono, nikamwambia hakimu nataka kubadilisha jibu langu. Akaniuliza kama nimelazimishwa, nikasema la. Akaniuliza kama naelewa, nikasema ndiyo. Miaka minne. Christabel hakuwepo, alikuwa amewapeleka watoto wawili wadogo Nyakach kwa mama yangu mkubwa. Atasikia kwa watu.

Sura yako niliwasomea wenzangu. Yule shabiki wa Bi Rodah akasema, "Huyu mama atarudi, amechukua ufunguo." Mzee Nyamwange akamwambia, vifungo vikishafungwa hakuna anayerudi, ulizeni mtu yeyote. Nami nikasema ni kweli. Hivi ndivyo Mageto angeandika, neno kwa neno. Nilikaa na karatasi ile siku nyingi nikitafuta mlango, sikuuona.

Jibu umenipa, na nilisema nitalibeba. Lakini kama msomaji nina neno moja, halafu ninyamaze. Tindi wa Bi Rodah hataji mtu ili mtu asishikwe. Huyu wako amekataa kumtaja mtu ili mtu asitoke. Huyo si Tindi. Sijui ni nani, na sikumtarajia kwenye mkono wako.

Umsalimie mama.
Phelix


Sosiot
12 Machi 2025

Phelix,

Barua yako ya mwisho wa Februari imenifikia jana jioni. Pasta alikuwa Bomet kwa mkutano wao na akakaa nayo mfukoni. Nilikuwa nimeketi jikoni na suti yangu ya harusi bado mwilini, kwa sababu asubuhi ya jana hiyo hiyo nilikuwa kortini.

Nilikuja. Nilifika mapema kabla milango haijafunguliwa. Nikauliza kesi ya Oketch ni chumba gani, karani akanituma huku na huku, mwishowe afisa mmoja akapekua faili akasema, "Hiyo iliisha, mzee. Mwenyewe alikiri. Nenda nyumbani." Nikamwambia nina ushahidi. Akasema ushahidi wa nini tena? Nikamwambia alikuwa kwangu, alinichunia majani siku nzima, namba ni yangu, mikono ilikuwa yake. Nilisema kwa nguvu, watu wote kwenye korido wakageuka. Wawili walikuwa wa kijiji chetu, wamekuja na kesi ya ng'ombe. Nikawaendea watu watatu wengine wenye tai, nikawaambia maneno hayo hayo. Mmoja alinihurumia. Akanieleza kwamba aliyekiri mwenyewe hana rufaa ila ya ukubwa wa kifungo.

Sasa acha nikwambie lile nililoficha, kwa kuwa halina faida kulificha tena, na yule wa getini asome vizuri. Baada ya moto, kokwet ilikaa, baraza la kijiji kizima. Ikaamuliwa mtu wa hapa asipeleke neno kortini juu ya moto ule, wala la kushtaki wala la kutetea. Waliouwasha ni watoto wetu, na polisi wakikuachilia wewe watarudi kutafuta wengine. Atakayevunja neno hilo hatachuniwa majani, hatakopeshwa hata chumvi, na akifiwa atazika peke yake. Nilikuwa nimekaa pale. Nilitazama chini, sikupinga. Mpelelezi alipokuja nikasema sikumbuki.

Barua yako ya Januari, ile ya Christabel na chumba kimoja, ndiyo iliyoniamua. Nikasema nitakwenda, liwe liwalo. Lakini kama ningekuandikia wazi, mke wa askari angejua Jumapili, na Jumatatu wazee wangekuwa kwangu na mama akiwa kitandani. Nikafikiri, Oketch ni msomaji. Akisikia Tindi amesema, "Simjui huyo," atajua sura inayofuata ni lori. Nikaweka hata ufunguo. Vile vifungo vya koti nilivitia ili ufurahi. Nilitaka uone kwamba mimi pia naweza kumwandika Mageto.

Sikufikiri kwamba utaisoma kwa sheria za Nyaberi. Tulipokuwa kituoni ulikuwa ukizijua zote mbili.

Sura ya mwisho ninayo, niliimaliza Februari. Nimeikunja ndani ya barua hii.

Kipkurui


Sosiot sokoni
30 Machi 2025

Baba Kiplangat,

Ni mimi Christabel, Mama Clifford. Baba Clifford amesoma barua yako na hajakujibu, na hatakujibu sasa. Naandika mimi kwa sababu mtu akiandikiwa ajibiwe.

Nilipokwenda kumwona alikuwa na ile sura yako ya mwisho mkononi. Aliniambia ni nzuri. Akaniambia kwamba ile ya korti ungeiandika vibaya kama kawaida yako angejua ni wewe. Kisha akalia, mwanaume mzima, mbele ya askari. Mimi nimeishi na yeye miaka kumi na saba na sijawahi kumwona hivyo, hata alipofiwa na baba yake.

Nitakwambia ninavyoona, na usinichukie. Ninyi wawili mmesoma vitabu mpaka mmesahau kuongea. Mume wangu aliuliza swali ambalo mtoto wa nasari angelijibu. Unakuja, huji. Kama uliogopa getini, chumba changu ulikuwa unakijua, ulikuja na maziwa. Ungeninong'oneza mlangoni, "Mama Clifford, nitakuja," ningelibeba hilo neno mdomoni mpaka kwake na hakuna askari angelisoma. Nilikuwa nimesimama hapo. Ulitazama ndoo.

Na mimi nina kosa langu. Sikukukaribisha. Hata niliposikia amekiri sikuja kukwambia, kwa sababu sikutaka kukuona.

Nimesikia yanayokupata kijijini. Wanawake sokoni wanasema mashamba yako yamekuwa msitu. Sifurahii hilo. Kulikuwa na siku ningefurahi.

Usimtumie hadithi tena. Ukimwandikia, mwandikie kama mtu.

Christabel Akeyo


Sosiot
22 Aprili 2025

Phelix,

Mama amefariki. Tumemzika Alhamisi.

Nakuandikia vile ilivyokuwa. Wa kijiji hawakuja. Wazee wawili walisimama nje ya ua wakavua kofia, wakaenda. Mmoja wao ni yule niliyetahiriwa naye. Sikumwita. Kaburi tulianza kulichimba mimi na mwanangu Kiplangat tangu asubuhi, na udongo wa kwetu unaujua, juu ni laini, chini ni mawe. Saa nne tulikuwa bado kiunoni. Chepkemoi alikuwa ndani na maiti peke yake, hakuna hata mwanamke mmoja wa kumsaidia kuwasha moto.

Halafu nikasikia watu barabarani. Nilidhani ni wapita njia. Alikuwa Christabel, na wanawake wa kambi nyuma yake wamebeba sufuria na kuni vichwani, na wanaume wanne wa boila, wenzako, wakiwa na makoleo ya kiwandani. Hawakuuliza kitu. Yule mrefu, Mageto, anayeitwa jina moja na mwandishi wako, aliruka ndani ya shimo akanishika mkono akanitoa, akasema, "Mzee, mwenye msiba hachimbi." Pasta akafika. Waliimba Kijaluo na Kikisii na Kiswahili, mama hangeelewa hata nusu, lakini alipenda nyimbo za watu.

Walipomaliza kula nilimwendea Christabel nikitaka kumshukuru. Sikuweza. Nikasema tu, "Alikuwa kwangu siku ile." Akasema, "Najua, Baba Kiplangat. Mimi nilijua tangu mwanzo." Akaendelea kuosha sufuria.

Majani yangu nusu yamekomaa, hayafai tena, itabidi tuyakate. Kituoni namwaga gunia langu mwisho wakati wengine wameondoka. Sikwambii haya unihurumie. Wewe una miaka minne, mimi natembea nje. Nakwambia kwa sababu ulisema usichoweza kubeba ni kutojua.

Sikuandika hadithi yoyote. Vitabu vyote, vya Mageto na vya Bi Rodah, nimempa pasta avilete huko ndani kwa ajili ya mzee Nyamwange na yule mwingine.

Nilipaswa kuandika hivi Januari. Phelix, ulikuwa kwangu Jumamosi ile. Ulivaa kapu langu la zamani lenye kamba moja, ukalalamika siku nzima.

Jumanne ijayo ni siku ya kutembelea. Nakuja pamoja na Christabel. Kama hutaki kuniona, mwambie askari, sitauliza sababu. Nitakaa nje ya geti mpaka yeye amalize, na Jumanne nyingine nitakuja tena.

Kipkurui